Usipite Ofisini

Garsen, Ijumaa alasiri

Salome mwanangu, mama yangu mdogo,

Umetoka kwenda kuwaaga walimu wenzako na umesema utachelewa, kwa hiyo nina nafasi. Mama yako kalala kwenye mkeka hapa mlangoni, miguu yake inagusa kiti changu. Akiamka nitaficha karatasi. Si kwamba kuna siri tena katika nyumba hii, ila atataka kuongeza salamu, na salamu zake unazijua, zitajaza ukurasa mzima.

Sikuandikii habari za safari. Kitambulisho, maji ya kunywa, kutonunua vitu dirishani, kumpigia simu shangazi ukivuka mpaka: hayo yote mama yako kakwambia asubuhi, akakwambia tena mchana, na kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya basi atakwambia kama jambo jipya. Mwitikie tu.

Nakuandikia kujibu maneno uliyoniambia juma lililopita pale jikoni. Ulikuwa unachambua mchele, hukuniangalia. Ulisema, "Baba, ama uwaambie wewe watu wa kanisa kwamba mama anaumwa, ama nikishuka Mombasa naenda ofisini kwao nawaambia mimi." Nikakuita mkosa adabu. Nikakwambia hujaolewa, hujui ndoa ni kitu gani. Ukamwaga mawe nje, ukaingia chumbani, na tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji. Sitaki uondoke kwenda kuanza kazi Tanga huku tukiwa wapangaji.

Hebu nianzie mbali kidogo. Wewe ulikuja nasi huku ukiwa umeambiwa kwamba wazazi wako wameitwa na Mungu. Aliyeitwa ni mama yako. Mimi nilikuwa nimestaafu kiwanda cha chai, nina nyumba yangu Lushoto, nina karakana yangu ya kutengeneza mashine za kusaga, nina baridi yangu ya asubuhi. Siku moja akarudi kutoka kanisani uso unawaka, akasema kanisa linatafuta wazee wastaafu, mke na mume, wa kwenda kuishi na sharika changa Kenya, kwenye Mto Tana. Akaniuliza naonaje. Nikasema vizuri. Mtu akikuuliza jambo na uso wake unawaka vile, utasema nini? Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika utumishi, na niliusema kwa neno moja.

Kwenye semina walitufundisha kanuni nyingi, lakini iliyonikaa kichwani ni moja: wawili siku zote. Mkienda kumwombea mgonjwa, wawili. Sokoni, wawili. Kuvuka mto, wawili. Ni kanuni ya heshima, asije akatokea mtu wa kusema mzee fulani alionekana mahali fulani na fulani. Na mmoja akishindwa, wote wawili wanarudishwa nyumbani, kwa kuwa wametumwa kama mtu mmoja. Nilicheka niliposikia. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa umri mzima, nikadhani hiyo ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Sasa angalia siku yangu, wewe ambaye kila asubuhi unakwenda shuleni na kurudi jioni. Tunaamka wote, tunaomba wote. Halima analeta maziwa, na mama yako hamruhusu aondoke mpaka wamalize habari za ng'ombe wake wote na wajukuu wake wote. Kabla chai haijapoa, bati limeanza kulia kwa joto. Tunatoka kuzungukia nyumba za waumini, yeye mbele, mimi nyuma na kikapu chake. Nikienda kunyolewa pale stendi, kinyozi anaweka viti viwili bila kuulizwa. Nikienda msalani, nikitoka namkuta amesimama kwenye njia ananingoja, kwa sababu peke yake anaingiwa na hofu, ingawa yeye husema ananitunzia kandambili. Jioni nachukua panga nakata vichaka vya mathenge nyuma ya nyumba, na baada ya mvua yamerudi mazito kuliko kwanza, na miiba yake ndiyo ile iliyokutoboa kiatu. Nimezungukwa na joto na mathenge, na ndani ya mathenge nimezungukwa na mama yako. Nampenda, usije ukanielewa vibaya. Lakini kuna siku nilitamani hata kuumwa meno, nipelekwe kwa daktari peke yangu.

Ilianza na majina. Mama yako, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, ambaye alikuwa akikutana na mwanamume mwenye mvi Lushoto anamwita kwa jina lake la utotoni, akaanza kusimama mbele ya mtoto wa kijiji cha Wema, ng'ambo ya mto, na kutabasamu tu. Nikajua amekwama. Nikasogea upande wa sikio lake zuri nikanong'ona, "Habel." Naye akasema, "Habel, hujambo mwanangu, mama hajambo?" Mtoto akafurahi, mama yako akafurahi, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kuliko wote. Nilikuwa nimepata kazi.

Nikawa hodari, Salome. Akianza kupotea katikati ya sala, namalizia mimi na kusema amina kwa sauti kubwa. Akisimama kuhubiri, nasoma mimi Neno, polepole, ili asikie anachotakiwa kueleza. Akiulizwa jambo, najibu, "Sisi tunaonelea hivi," na hiyo "sisi" haikuwa na mtu mwingine ndani yake. Watu wa Wema wakanisifu. Wakasema hawajaona mume anayemsaidia mkewe kama Mzee wa Mwalimu. Nikavimba kichwa. Mimi ni fundi, na fundi mzuri akisikia mtambo unagonga anauzima, anaufungua. Mimi niliongeza sauti ya redio.

Na nikajiambia ni kwa ajili yake. Huku anaitwa Mwalimu. Wanawake wa Wema wanashindana kumbebea mkoba akishuka kwenye mtumbwi. Wakijua, ofisi itajua, na ofisi ikijua tunarudishwa, naye Lushoto atakuwa mgonjwa fulani anayekaa barazani na blanketi. Ndivyo nilivyokuwa nikijihubiria. Ukweli ulikuwa mwingine, na nauandika sasa kabla sijajionea aibu: niliogopa kuwa naye peke yangu. Huku kijiji kizima kinanisaidia kumbeba bila kujua, nilidhani. Nyumbani ni mimi na yeye na ule ukungu, na mlango umefungwa.

Nikwambie jambo ambalo hata mama yako hajui. Unakumbuka mafuriko yalipotukamata ng'ambo, wewe ukabaki huku Garsen unatupigia simu mpaka chaji zetu zikaisha? Tulilala kwenye darasa la shule pamoja na familia za watu, mbuzi na magunia ya mpunga. Mama yako alikuwa na furaha kama yuko harusini. Aliimba na watoto kutwa. Lakini kila mara aliniuliza, "Baba Salome, kwa nini haturudi nyumbani?" Namweleza maji. Anaelewa. Kisha anauliza tena. Siku moja mchana, akiwa katikati ya watoto wake, nikatoka. Nikateremka mpaka maji yalipoishia, nikamkuta jamaa mmoja anavusha watu kwa mtumbwi, nikapanda, nikamwambia twende. Sikuwa na mkoba. Sikuwa na fikra ya kurudi, na hilo ndilo ninalotaka ulijue. Nilikuwa nakwenda tu, Garsen, Malindi, popote, mimi mmoja.

Tukafika katikati, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na migomba iliyong'oka. Yule jamaa akaacha kupiga kasia, akanitazama kama aliyesahau kitu ukingoni.

"Mzee, na Mwalimu?"

"Yuko shuleni."

"Utamuacha?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kwa sababu tangu tuje hajawahi kuniona mmoja. Nikamwambia anirudishe. Nilipoingia darasani mama yako alikuwa anaimba ule ule wimbo. Hakujua kama nilitoka. Nikakaa kwenye gunia nikalia, watu wakadhani nalilia mashamba yao, wakanipa pole. Nikazipokea.

Mwezi wa likizo wewe ulikuja nasi Wema. Mama yako akakusimamisha mbele ya wanawake akasema, "Huyu ni mgeni wetu kutoka Lushoto, mpokeeni." Nikaona unavyoniangalia mimi, si yeye. Njia nzima ya kurudi hukusema neno, na nikakushukuru moyoni kwa kunyamaza, nikiamini umeingia kwenye chama changu. Kumbe ulikuwa unapanga maneno ya jikoni.

Sasa nikwambie kilichotokea jana, maana wewe ulibaki unafunga mizigo.

Unamjua Mama Komora, yule anayeongoza kwaya ya wanawake, ambaye hatuondoki Wema bila kunywa chai kwake. Mume wake alifariki kabla ya mafuriko. Tulimzika wote, na mama yako ndiye aliyesimama kaburini. Ziara iliyofuata mama yako akamuuliza, "Mzee wako hajambo?" Mama Komora akamjibu, "Alifariki, Mwalimu." Mama yako akaanguka kwenye mkeka akalia kama habari imemfikia saa ile, na Mama Komora akalia naye. Safari nyingine akauliza tena, wakalia tena. Mimi nilikaa pembeni na kikombe changu, nikajiambia msiba ni msiba, kulia hakuna kipimo.

Jana tumefika, tumekaa, chai imemiminwa. Mama yako akatazama huku na huku. "Mzee wako yuko wapi leo?"

Mama Komora hakusita hata kidogo. "Ako shamba, Mwalimu. Atakuja jioni."

"Umsalimie sana."

"Nitamwambia."

Wakaendelea na habari za mpunga. Mimi nikaweka kikombe chini. Baadaye Mama Komora akatoka nyuma ya nyumba kufuata kuni, nikamfuata. Mama yako alikuwa na watoto, hakuniona. Nikamwambia, "Mama Komora, nisamehe."

Akaweka kuni chini. "Usiniombe msamaha, Mzee. Mwalimu akilia, na mimi nalia. Nimechoka kulia. Nikisema ako shamba, yeye anafurahi, ananipa salamu. Mimi napeleka kwa kaburi, namwambia Mwalimu anakusalimia."

"Kwa hiyo unajua."

"Sisi wote tunajua. Tangu zamani. Yeye akikwama, sisi tunaanza wimbo. Hujaona? Ni wewe tulikuwa tunaogopa kuambia."

Ndiyo, nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona kwaya inavyoinuka kila mama yako anaponyamaza, na nikadhani ni Roho. Nilikuwa nimesimama pale nyuma ya jiko la mtu, mzee mwenye mvi, nikijidhania mlinzi, na kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanilinda mimi na uongo wangu, na mjane mmoja ilimbidi amfufue mumewe kila tunapokuja kunywa chai yake. Maneno yako ya jikoni yakanirudia neno kwa neno. Nikaona kwamba mkosa adabu nilikuwa mimi.

Leo mchana ulipotoka tu, nikachukua simu. Nilitaka kupiga nikiwa peke yangu, lakini utakuwaje peke yako katika nyumba hii? Nikatoka nje, mama yako akatoka. Nikaenda kivulini nyuma ya tangi la maji, akaja na kigoda chake akakaa miguuni pangu. Nikasema basi, na asikie. Nikapiga ofisini Mombasa, nikamwambia yule ndugu anayetuhudumia, "Mke wangu anasahau. Ni muda mrefu sasa. Nimekuwa nikimfunika, na wewe nimekudanganya kila uliponiuliza." Ndugu yule alikuwa mpole. Alisema pole, alisema wakipata wa kushika nafasi yetu tutarudi nyumbani, wote wawili. Akaniombea kwenye simu. Nikakata.

Mama yako alikuwa ananitazama.

"Huyo mke unayemsema ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nasahau nini?"

Nilitaka kumpa kitu kidogo. Jina la mtu, mahali alipoweka miwani. Lakini niliona nikianza tena sitakoma. "Majina, Mama Salome. Njia. Umemsahau mume wa Mama Komora."

"Kafanya nini?"

"Amekufa. Tulimzika. Wewe ndiye uliyesimama kaburini."

Akalia. Alilia muda mrefu, khanga usoni, na mimi sikumwambia nyamaza, maana ni neno nimelitumia sana. Alipomaliza akauliza, "Na mimi huwa namuuliza yule mama?" Nikasema ndiyo. "Anajibu nini?" Nikamwambia jana alijibu nini.

Salome, sijamwona mama yako amekasirika hivyo tangu tulipotoka Lushoto. Macho yalirudi yale ya darasani. "Mmekula njama," alisema. "Mnanichezesha kama mtoto. Na wewe umo?"

"Na mimi nimo. Nilikuwa wa kwanza."

"Omba msamaha kwa Mungu wako." Kisha akawa anachora chini kwa kidole, nikadhani imekwisha kumtoka. Lakini ilikuwa haijamtoka. "Nikiuliza tena, niambieni amekufa. Nikisahau, niambieni tena."

"Itakuuma kila mara."

"Iniume. Yule ni mume wa mtu." Akasimama, akajikung'uta mchanga. "Kulia bado naweza. Hilo halijanitoka."

Akaingia ndani, akajilaza hapa alipo sasa. Akiamka huenda asikumbuke kitu, na huenda akaniuliza kwa nini macho yamemvimba. Lakini alilisema akiwa na akili zake zote, nami nilikuwepo, na sasa umelisikia na wewe. Huo ndio wosia wake na wangu, hakuna mwingine.

Kwa hiyo usipite ofisini. Si kwa kuwa nakukataza, bali kazi imefanyika, na ulinisukuma wewe. Ulikuwa na haki, na niliyokwambia kuhusu ndoa futa. Nikipewa nafasi ya kukushauri siku utakapompata wa kwako, nitakuomba jambo moja tu, usimmalizie maneno. Akikwama, mwache akwame, ungoje. Mimi nilimmalizia mama yako maneno mpaka nikamnyang'anya, na nilifanya hivyo kwa mapenzi, nikipongezwa.

Sitakudanganya kwamba nimefunguliwa. Nilipokata ile simu nilidhani nitapumua, nikakuta ni ule ule mlango, umefungwa upande mwingine tu. Tutarudi Lushoto, naye ataamka usiku atake kuvuka kwenda Wema, na hakutakuwa na mto. Kwaya haitakuwepo ya kuanza wimbo. Nitakuwa mimi. Naogopa, mwanangu. Niliona afadhali uondoke ukijua baba yako anaogopa kuliko uondoke ukidhani ana roho ngumu. Mwisho wa wiki ukipata nafasi, panda mlima uje. Usije kumsaidia yeye tu.

Kesho pale stendi pengine atawaambia watu kwamba anamsindikiza mgeni. Usiniangalie mimi. Mshike mikono umwambie, "Mama, mimi ni Salome, mwanao wa mwisho." Ataona haya kidogo, kisha atakukumbatia, na mkumbatio utakuwa wako kweli.

Na la mwisho ni hili, na ni zito, lakini baada ya leo siwezi kukuandikia jepesi. Mimi ni mkubwa kwake, na presha yangu unaijua. Huenda nikatangulia. Hapo ndipo atakapoanza kukuuliza niko wapi. Atakuuliza asubuhi, atakuuliza chakula kikiwa mezani, atakuuliza mbele ya wageni. Watu watakukonyeza umwambie nimesafiri. Wewe, kila atakapouliza, mwambie nimekufa, kisha kaa naye mpaka amalize kulia.

Nenda salama, mama.

Baba yako